Kitako cha Kuku kwa Mwimbaji

Kuku nilikuwa naye. Ulimi ndio sikuwa nao.

Kwa aliyepitwa na habari zangu katika gazeti hili: mke wangu Voahangy alibeba watoto wetu wawili na sufuria kubwa, akaenda kwa baba yake, kijiji cha Soavina. Siku ya kupandisha ukuta wa nyumba ya baba mkwe, ukoo mzima ulikusanyika, udongo umeshakandwa, wali umeshapikwa, na mimi, mkwe fundi matofali, sikuonekana. Nilikuwa mjini Antsirabe, uwanjani, nimesimama mbele kabisa, namsikiliza Rabevohitra, mwimbaji na msemaji wa viwanjani, na kundi lake.

Huku kwetu mke akiondoka namna hiyo hatumiwi salamu. Mume anamfuata mwenyewe, kuku mkononi, mtu wa maneno ubavuni. Mtu wa maneno ndiye anayeomba. Kazi ya mume ni kuinamisha kichwa, na kuku akishaiva, amtolee baba mkwe kitako kwa mikono miwili. Kitako cha kuku ni cha mkubwa. Mtoto anayetambaa anajua.

Tabu ni kwamba mtu wa maneno wa kijijini kwetu ni mjomba wa Voahangy, na alishaapa kwamba hata siku nitakayokufa hatafungua mdomo kwenye mazishi yangu.

Basi nilikuwa nimekaa kwenye rundo la matofali, kuku mapajani, tunatazamana, ndipo akatokea binamu yangu Zafy. Zafy anaendesha mkokoteni wa ng'ombe. Ng'ombe wake wamezeeka mapema kwa kusikiliza maneno.

“Rajao, unajua nani yuko Ambatomena?”

“Sijui na sitaki kujua.”

“Rabevohitra.”

Kuku akaniponyoka.

Tulimkimbiza tukamkamata nyuma ya tanuri. Zafy, huku anahema, akanieleza. Kuna ukoo Ambatomena ulikuwa unawatoa wafu wao kaburini kuwafunga sanda mpya, na shughuli kama hiyo bila waimbaji ni sawa na harusi bila bibi harusi. Wamemwita Rabevohitra. Kundi zima limelala pale shuleni.

“Yule akisema neno moja, hata jiwe linaomba msamaha,” Zafy akasema. “Mchukue akuombee mke.”

“Una wazimu? Rabevohitra? Mimi nitamwambia nini?”

“Mwambie, ‘Njoo.’ Ni neno fupi.”

Zafy hakuelewa. Mimi yule mtu nilimjua tangu sijaota ndevu. Nyimbo zake zote ninazo kichwani. Na hotuba ya kumwambia siku tutakapoonana ninayo pia, nimeitunga miaka na miaka mbele ya tanuri, naitengeneza, naipunguza, naiongeza. Ilikuwa hotuba nzuri. Matofali yote ya wilaya yetu yaliisikia.

Nikaoga, nikavaa shuka la heshima, tukaenda.

Nyuma ya shule tulimkuta mzee mmoja kakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, suruali kaikunja hadi magotini, miguu ndani ya beseni. Juu ya waya wa kuanikia nguo yalining'inia makoti mekundu ya kundi, yakinuka jasho la jana.

“Shikamoo, mzee,” nikasema. “Tunamtafuta Rabevohitra. Yuko wapi?”

“Anaosha miguu.”

“Anaoshea wapi?”

“Kwenye beseni.”

Nikatazama beseni. Nikatazama miguu. Nikapanda taratibu na macho mpaka usoni.

Ndugu zangu, hotuba yote ikaniruka kama kunguru waliotupiwa jiwe. Nilibaki na mdomo wazi, na kilichotoka ni hiki:

“Kumbe u mfupi.”

Zafy akakohoa.

“Uwanjani navaa kofia,” Rabevohitra akasema.

Nikaona nirekebishe. “Sikuwa na nia mbaya, mzee. Mimi nakupenda sana. Mwanzoni mwa mwaka huu nilisikitika mno, nilidhani umekufa.”

“Nani kasema nimekufa?”

“Hakuna aliyesema. Redioni hawakukutaja, basi nikafikiri.”

Zafy alishavua kofia yake, kajifunika uso nayo.

Rabevohitra akatoa mguu mmoja majini, akakikagua kidole gumba kilichovimba. “Ninyi ndio mlioleta maji ya moto?”

“Hapana, mzee.”

“Sasa mmeleta nini?”

“Shida,” Zafy akadakia. “Huyu mke wake kamkimbia kwa ajili yako.”

“Kwa ajili yangu? Mke wake simjui!”

“Huyu alikuwa anakusikiliza wewe Antsirabe siku ambayo alitakiwa kujenga ukuta wa baba mkwe.”

Hapo uso wa mzee ukabadilika. Nisiwafiche, ulifurahi. Akanitazama kwa mara ya kwanza kama mtu.

“Siku ya Antsirabe? Ulikuwepo? Ehe, wimbo gani ulikugusa?”

Swali rahisi. Nyimbo zake mimi nazijua kuliko majina ya shangazi zangu. Lakini yalikuwa macho yake, macho yale yale ya uwanjani, na yananitazama mimi peke yangu.

“Ule wa jamaa aliyeuza mashamba ya urithi,” nikasema.

Akaacha kukitazama kidole chake.

“Huo ni wa Ratsara,” akasema Rabevohitra.

Ratsara ni mpinzani wake. Wameshindana viwanja vyote vya nyanda za juu na hawasalimiani.

Nilitamani ile sanda mpya iliyoletwa Ambatomena wanifunge mimi. Nikageuka kuondoka. Zafy akanishika shuka, na kwa kuwa ni mtu asiye na haya, akaendelea kama hakuna kilichotokea.

“Mzee, tusaidie. Ni Soavina tu hapo, mlima mmoja. Tumeshaandaa kuku.”

“Kuku?” Rabevohitra akainua kichwa. “Kuku wa namna gani?”

“Wa kawaida.”

“Ana mafuta?”

“Mzee, huyo kuku kakimbia asubuhi hii kuzunguka tanuri zima. Hana mafuta hata ya kulainisha kisu.”

Rabevohitra akafumba macho kama anayesali. “Tangu tuanze safari hii nakula wali wa mafuta. Kila ukoo unanipakulia nyama ya nguruwe inayoelea. Nikikataa wanasema namdharau marehemu. Tumbo langu sasa linateleza lenyewe.” Akatoa mguu wa pili majini. “Nipeni viatu.”

Hivyo ndivyo nilivyompata msemaji mkubwa kuliko wote katika nchi. Kwa ajili ya kuku mwembamba.

Njiani sikusema neno. Niliona ni salama zaidi. Yeye alizungumza na Zafy habari za ng'ombe, habari za kidole chake, na jinsi dada yake, aliyekuwa mwimbaji mkuu wa kike wa kundi, alivyoolewa Mahajanga akawaacha kwenye mataa. Nilitembea nyuma yake, nakanyaga anapokanyaga. Najua ni ujinga. Nilikanyaga hivyo hivyo.

Tulipofika, baba mkwe alikuwa mlangoni. Mzee Ratovo ni mtu wa mpunga na kanisa. Waimbaji kwake ni wazururaji waliovaa koti. Ule ukuta wake, wa nyumba mpya ubavuni mwa ile ya zamani, ulikuwa nusu, umefunikwa nyasi kuzuia umande, na alikuwa kasimama kando yake makusudi nisiukose.

“Huyu ndiye?” akaniuliza.

“Ndiye, baba.”

Akamtazama Rabevohitra juu mpaka chini. “Mfupi,” akasema, akatupisha.

Tukapanda ghorofani. Mzee Ratovo akakaa pembe ya kaskazini, mahali pa wazee. Mimi nikakaa kusini karibu na ngazi, pahali pa mtu mwenye kosa. Rabevohitra akawekwa kando yangu kwa kuwa ni msemaji wangu. Goti lake liligusana na goti langu. Nilijitahidi kulisahau, sikuweza.

Kuku akapelekwa jikoni. Nilimsikia Voahangy anavyokata. Pa! Pa! Kisu kilikuwa kinatua kana kwamba aliyelala pale ubaoni ni mimi.

Kijiji kilishajua. Ngazi ikajaa watu, dirisha likajaa vichwa. Wengine walipanda juu ya ule ukuta wangu wa nusu ili waone ndani, na nikawa nawaza, angalau leo umefaa.

Mama mkwe akaleta bakuli, akaliweka mbele yangu bila kunitazama. Kitako kilikuwa juu kabisa, kimewekwa vizuri, kinang'aa. Kilichobaki ni kukichukua kwa mikono miwili, kupiga hatua za magoti mpaka kaskazini, na kukiweka katika sahani ya Mzee Ratovo. Basi. Nusu ya msamaha ipo hapo.

Nikakichukua kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Rabevohitra akanigeukia, akaniuliza kwa sauti ya chini, ya upole, kama rafiki:

“Samahani, hivi jina lako ni nani? Nataka nilitaje vizuri.”

Rabevohitra! Jina langu! Alitaka kulitaja!

“Rajao,” nikasema. Na mikono yangu, bila kuniuliza mimi mwenyewe, ikakiweka kitako katika sahani yake.

Mama mkwe akaguna kama aliyechomwa mwiba.

Bado palikuwa na nafasi. Ningesema nimekosea, ningekirudisha. Lakini mtu aliyekula kwenye misiba na sherehe maisha yake yote, kila mahali anapewa cha mkubwa, hatazami tena sahani. Rabevohitra alikitia mdomoni kizima, akakitafuna, akatoa mfupa mdogo na kuuweka pembeni.

“Hana mafuta kweli,” akasema kwa shukrani.

Mzee Ratovo akaweka kijiko chake chini, taratibu.

“Rajao,” akasema. “Nilimzika baba yako kwa mikono yangu. Sikujua kwamba alifufuka, na kwamba ndiye uliyemleta leo kula chakula changu.”

“Baba, nisamehe, mikono yangu—”

“Mikono yako naijua. Ukuta ule ni ushahidi.”

Dirishani mtu akacheka. Zafy akaniinamia sikioni. “Usiseme tena chochote. Tuna Rabevohitra. Mwache afanye kazi.”

Rabevohitra alikuwa ameshaelewa. Akafuta vidole, akasimama, akatupa shuka begani. Na mnajua nini? Yule mfupi wa kwenye beseni hakuwepo tena. Chumba kilimpungukia.

“Mzee Ratovo,” akaanza, “ukuta ukianguka hatuuzi nyumba. Tunakanda udongo upya. Na udongo unaokandwa mara ya pili ndio unaoshika.”

Wazee wakaitikia, “Eee.”

“Huyu mkweo amekosa. Lakini aliyekosa akakimbia ni mwizi, na aliyekosa akaja ni mwana. Huyu amekuja.”

“Eee!”

Nilimwona Mzee Ratovo anashika kidevu. Kwa baba mkwe wangu, kushika kidevu ni nusu ya kulia. Jikoni vyombo vikanyamaza. Voahangy alikuwa anasikiliza. Moyo wangu ukaanza kufunga virago kurudi nyumbani.

“Ni kweli,” Rabevohitra akaendelea, “wakwe wengine ni kama mwavuli. Siku ya jua kila mtu anao.”

Dirishani wakaangua kicheko.

Akageuka kulitazama dirisha. Nikaiona shingo yake inarefuka.

Watu wengine pale hawakujua maana yake. Mimi nilijua. Nimeiona shingo ile viwanja vingi. Inarefuka hivyo pale anapowapata watu, na akishawapata hakuna wa kumrudisha. Anakwenda kicheko kinakoelekea, kama ng'ombe aliyesikia harufu ya maji.

“Mzee,” nikanong'ona, nikamvuta suruali. “Mzee, inatosha.”

Hakunisikia.

“Nawaulizeni, watu wa Soavina! Fundi matofali, ambaye nyumba ya mkwewe haina ukuta, tumwite fundi wa nini?”

“Fundi maneno!” wakajibu ngazini.

“Maneno? Maneno hana! Kaja kuniazima ya kwangu!”

Nyumba ikalipuka.

“Asubuhi hii kanikuta nimekaa naosha miguu. Kaniamkia vizuri, kisha kaniuliza mimi niko wapi!”

Watu wakashikana. Bibi mmoja ngazini akaomba akalishwe chini.

“Nikamwonyesha beseni. Akatazama beseni! Ndugu zangu, mtu anayenitafuta ndani ya beseni, mkewe atampata wapi?”

Wanangu nao walikuwa wanacheka. Zafy alikuwa anacheka, kajiziba mdomo kwa kofia. Na mimi nitawaambia ukweli, maana nilishaanza kusema ukweli katika gazeti hili na sina pa kurudi: nilikuwa nacheka pia. Ilikuwa nzuri! Tangu nimjue, sikuwahi kumwona mzuri hivyo. Aliniigiza mwendo wangu, mabega yangu, mdomo wangu ulivyobaki wazi. Aliniigiza sawasawa, kama aliyenisoma miaka. Nikawaza: Rabevohitra ametunga kitu juu yangu. Na nikapiga makofi. Mimi mwenyewe, kwa mikono ile ile iliyogawa kitako vibaya, nilipiga makofi.

Mzee Ratovo alikuwa anafuta machozi kwa ncha ya shuka. Sikuwahi kumwona akicheka. Ana meno mengi kuliko nilivyodhani.

“Basi! Basi!” akasema, mkono juu. “Bwana, umenishinda. Umenishawishi kabisa.”

Nikafurahi.

“Binti yangu haondoki hapa,” akamaliza.

Rabevohitra akabaki mkono hewani, kama mtu aliyeamshwa usingizini katika nyumba asiyoijua. “Mzee... mimi nilikuja kuomba arudi.”

“Najua. Na hakuna aliyewahi kunieleza mkwe wangu vizuri hivyo. Nilidhani ni mimi tu ninayemwona.”

Rabevohitra akanitazama. Nilimwona anaona haya. Yeye! Akainama, akaninong'oneza, “Nisamehe, Rabao. Walicheka.”

Rabao. Hata jina hakulishika.

Sikuwa na hasira. Nilikuwa na baridi tu. Nikaanza kusimama, nichukue kofia yangu, nishuke ngazi mbele ya wote wale, nirudi kwenye nyumba isiyo na mtu wala sufuria kubwa.

Ndipo pazia la jikoni likafunguka.

Voahangy alitoka na mwiko mkononi, moshi machoni, nywele zimekaa ovyo. Hakunitazama. Alikwenda moja kwa moja mpaka katikati ya chumba, akasimama mbele ya Rabevohitra, na kwa kuwa yeye si mfupi na mwenzake kavaa kofia, wakawa sawasawa.

“Umemaliza?” akamuuliza.

“Nimemaliza, mama.”

“Haya. Kwenu uwanjani kundi moja likimaliza, la pili hujibu. Au siyo?”

Rabevohitra akainamisha kichwa kama inavyopaswa. “Ndiyo desturi.”

Voahangy akagonga mwiko kwenye kiganja, mara moja, mara mbili, akapata mapigo, akaimba:

“Mume wangu ni mzembe, hilo sikukatalii,
Ukuta aliuacha, na ahadi haitii;
Ila wewe msifiwa, kwako nyumbani hukai,
Wangu najua aliko, mkeo hakutambui!”

Sekunde ile nyumba haikucheka. Ililia. Ngazi ilipiga kelele, ukuta wa nje ukapiga kelele, na nikasikia tofali moja linaanguka na mtu wake.

Rabevohitra alifungua mdomo kujibu. Akaufunga. Akaufungua tena. Yule ambaye Ratsara hakuwahi kumnyamazisha, mwanamke mwenye mwiko kamnyamazisha.

Na amenitetea! Mlisikia? “Wangu,” alisema. Mbele ya kijiji kizima, mbele ya baba yake. Wangu! Zafy alinipiga ngumi mgongoni mpaka nikakohoa. Nilishaanza kuitafuta ile sufuria kwa macho, nione nitaibebaje.

“Rudia,” Rabevohitra akasema.

“Nirudie nini? Umesikia.”

“Mstari wa mwisho. Rudia, tafadhali.”

Akaurudia. Sauti yake ilipanda pale mwisho, ikakaa juu, haikutetemeka. Miaka yote ya ndoa yetu nimesikia sauti ile ikiniita nikale, ikinifukuza kitandani, ikihesabu makosa yangu. Sikujua kwamba inakaa juu namna ile.

Rabevohitra alivua kofia. Alipiga magoti, na hakumpigia Voahangy, alimpigia Mzee Ratovo.

“Mzee, nimekuja kuomba mwanamke arudi kwa mumewe, nimeshindwa. Naomba kitu kingine. Kundi langu halina mwimbaji wa kike. Tangu dada yangu aolewe natafuta, na wote niliowasikia ni ndege. Huyu ni tarumbeta. Msimu huu tu, mpaka mvua zianze. Atalala na wake zetu, atakula kwanza, atavaa gauni la dada yangu. Naomba binti yako.”

Nilisubiri Mzee Ratovo amrushie bakuli. Mtu wa kanisa! Binti yake, na wazururaji waliovaa koti!

Mzee Ratovo alimtazama binti yake kwa muda mrefu. “Mama yangu alikuwa anaimba hivyo,” akasema. “Shambani. Baba alimkataza.” Akakuna goti. “Mimi sina neno. Lakini huyu bado ana mume. Kuku wa mumewe sikumrudisha, wala yeye hajavunja ndoa. Aulizwe mume.”

Vichwa vyote vya dirishani vikanigeukia.

Rabevohitra naye akanigeukia akiwa bado magotini. Alitambaa hatua mbili, akanishika mkono kwa mikono yake miwili. “Ndugu yangu,” akasema, na macho yale yakawa yangu peke yangu, “Rajao. Nakuomba.”

Jina langu, sawasawa. Nilikuwa nimelisubiri maisha yangu yote, na likaja siku lilipokuwa na bei.

Nikamtazama mke wangu ili anisaidie.

“Usinitazame mimi,” Voahangy akasema. “Wewe ulipokwenda kumsikiliza huyu, hukuniuliza. Mimi nakuuliza.”

Lakini alikuwa ananitazama, na mwiko kaubana kifuani. Macho yake yalikuwa yananiomba kitu. Ndugu wasomaji, nimelala ubavuni mwa mwanamke yule tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na sikujua ni kitu gani: nimkatalie Rabevohitra, ili aone kwamba kwa ajili yake naweza kumkatalia hata mtu huyu? Au nimruhusu aende, ili aone kwamba na mimi naweza kubaki nyumbani nikamsubiri?

Nikikosea hapa, hakuna kuku wa kurekebisha.

“Sema, wewe,” Zafy akanong'ona.

Nikasimama. Huku kwetu mtu hasemi mbele ya watu kabla ya kuomba radhi kwa kuthubutu kusema, na nikashukuru sana kwa desturi hiyo. Niliomba radhi kwa Mzee Ratovo. Niliomba radhi kwa mama mkwe. Niliomba radhi kwa wazee wa ngazini, kwa vijana wa dirishani, kwa aliyeanguka na tofali. Niliomba radhi kwa walioko safarini. Walio hai walipoisha, nikahamia kwa marehemu, na nilikuwa nimefika kwa babu yake babu yangu, natafuta mwingine, Voahangy alipoushusha mwiko.

“Radhi tumekupa sote, Rajao,” akasema. “Sasa sema.”